Karani Aliyelichukia Neno "Tayari"

Katika miaka yote niliyouza kompyuta za mitumba pembeni mwa soko la Gikomba, nimeombwa punguzo, nimeombwa chaja ya bure, nimeombwa hata mkono wa ndoa. Ubovu nimeombwa na mtu mmoja tu.

Alisimama mbele ya kibanda changu amevaa koti la suti, kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na nyingine nyekundu.

"Mama, una diski iliyoharibika?"

"Zangu zote nzima, mzee wangu. Shika ujionee."

"Basi pole," akasema, akaanza kuondoka.

Wateja wanaojifanya kuondoka nawajua. Nawaacha wafike kwa muuza viatu, ndipo nawaita tukutane katikati. Huyu alimpita muuza viatu, akampita seremala wa vitanda, akawa anapinda kona. Ikabidi nipaze sauti mbele ya washindani wangu wote.

"Mzee! Rudi! Iko moja inalia kidogo."

Akageuka. "Inalia vipi?"

"Kama kuku anayedonoa bati."

Uso ulimng'aa. Aliibeba ile diski kwa mikono miwili, kama mtu aliyetumwa keki ya harusi. Baada ya wiki tatu alirudi kulalamika.

"Mama, ile diski inafanya kazi."

"Nisamehe."

"Uliniambia ni mbovu."

"Kwani ulitaka nikuandikie dhamana ya ubovu?"

"Ungeniandikia, ningeshukuru."

Ndivyo nilivyojuana na mtu ambaye kumbe alikuwa jirani yangu. Mimi nyumba mia na tisa, yeye sitini na nne, mtaa mmoja, bomba moja la maji. Mtaani tulimwita Karani, kwa sababu kabla ya kustaafu alikuwa karani wa masjala, kule ofisini kunakohifadhiwa faili. Alizaliwa wapi na alifikaje Nairobi, sikumuuliza. Mtu akikupa mambo ya kutosha kumshangaa, huna haja ya kumchimba.

Nitayasimulia mambo yake bila mpangilio wa miaka, maana hata yeye hakuishi kwa mpangilio huo. Ila jambo moja liwe wazi tangu sasa: ilifika siku ambapo barua za nyumba zetu zote, mia tatu na kumi na nane, zilikuwa, kwa hesabu yangu, ndani ya diski moja iliyokataa kufunguka, na siku nne mbele yetu kulikuwa na kikao ambacho nyumba isiyo na barua haingekuwa na mdomo. Diski hiyo niliiuza mimi. Programu iliyokuwa ndani yake, ya kupanga faili, alikuwa ameiandika yeye, pamoja na wenzake.

Hao wenzake hakuwahi kuwaona. Mmoja alikaa nchi ya barafu, mwingine alikaa mahali ambapo kukicha huku, kwake watu wanakwenda kulala. Walikuwa wakiandika programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bila kuomba ruhusa. Nilipomuuliza nani anawalipa, alinionyesha bomba letu la maji.

"Hili ni la nani?"

"Letu sote."

"Likivuja nani hulirekebisha?"

"Wewe," nikamwambia. Na ilikuwa kweli.

"Basi umeelewa."

Kazi yenyewe alinieleza mara moja, nikaielewa, jambo lililonishangaza kuliko yeye. "Kompyuta haina akili, mama. Ina kabati. Diski ni kabati. Ukirundika karatasi humo bila karani, utazipata siku ya kiyama. Sisi tunamwandika huyo karani: anayejua kila faili iko rafu gani, nani ameichukua, na stima ikikatika faili ikiwa mkononi, afanye nini. Na karani hupimwa kwenye kabati bovu."

Marekebisho waliyotumiana waliyaita viraka. Mimi niliyelelewa na mitumba nilifurahi kusikia kwamba hata kwa wasomi kuna viraka. Kiraka chake cha kwanza kilirudishwa mara saba. Nilitarajia akasirike, hasa mara ya tano, waliporudisha kwa sababu ya nafasi moja tupu mwishoni mwa mstari. Alicheka. "Nimekaa dirishani miaka mingi nikiwarudishia watu fomu kwa kukosa muhuri. Sasa zamu yangu."

Stima yetu mnaijua. Inakatika, inarudi, inakatika kwa hasira ya kurudi. Ikikatika mchana, mtaa mzima hupiga ukelele mmoja wa "Aaaah!" Kutoka nyumba sitini na nne ilisikika sauti moja ya furaha. Wenzake ng'ambo walilazimika kutunga programu za kuigiza kukatika kwa umeme ili waone faili zitapona au la. Yeye alikaa tu kwenye kiti. Ukutani alikuwa na kalenda: alama nyekundu stima ilipokatika, bluu ilipolegea, ile hali ya taa kugeuka rangi ya chai na friji kukoroma. Kalenda hizo alizituma kwa wenzake. Yule wa nchi ya barafu alimwandikia kwamba hajawahi kuona maabara nzuri namna hiyo, akauliza inamilikiwa na chuo gani.

Vijana wa kona walimpenda, wakamsalimu kwa Sheng kila alipopita. "Karani, niaje?"

"Nia yangu njema. Yako je?"

Utani ulikuwa huo huo miaka nenda miaka rudi, na walicheka kila siku kana kwamba ndio umetoka jikoni.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na ukaidi wa punda aliyesomeshwa. Tarakilishi hakukubali iitwe kompyuta, isipokuwa alipokuwa na haraka. Alisamehe programu iliyoanguka lakini hakumsamehe mtu aliyepanga foleni vibaya. Alihubiri nakala tatu za kila kitu, hata funguo za nyumba alikuwa nazo tatu kwa majirani watatu, na siku alipojifungia nje alizunguka mtaa mchana kutwa kwa sababu hakukumbuka ni majirani gani. Na nyumbani kwake, yeye aliyepanga makabati ya dunia, hukupata mahali pa kuweka kikombe. Karatasi mezani, karatasi kitandani, karatasi juu ya redio.

"Karani, hapa pamepangwaje?"

"Kwa kukumbuka."

Lakini chuki yake kubwa ilikuwa kwa neno moja.

Alikuwa amempa fundi mmoja wa Gikomba kitambaa amshonee suruali ya kuvaa kanisani. Kila alipopita, fundi alisema, "Iko tayari, mzee. Kesho tu." Sisi wenyeji tunaelewa lugha hiyo. Iko tayari maana yake nimekusikia. Kesho maana yake usinisumbue leo. Karani, kwa umri wake, alikuwa bado anaamini maneno yana maana. Wiki ya nne alinipitia kibandani ili nikamsaidie kudai, kwa kuwa ulimi wangu una sifa. Tulipofika, fundi akapaza sauti, "Mzee! Iko tayari!"

"Ilete tuione," nikasema.

"Mama, si nimesema iko tayari?"

"Nimesikia kwa sikio. Jicho nalo linauliza."

Akainamia chini ya cherehani, akatoa kitambaa. Hakijakatwa. Kilikuwa bado kimekunjwa vile vile Karani alivyokikunja, na risiti yake ndani.

Nilijiandaa kupigana. Karani akanishika mkono. Alikuwa akikitazama kile kitambaa kama mtu aliyeonyeshwa jibu la mtihani.

"Anasema tayari," akanong'ona, "lakini bado iko mkononi mwake."

Akaondoka karibu akikimbia, kitambaa akakiacha. Kwa miezi alikuwa ametafuta kwa nini faili zilipotea siku zile za alama ya bluu, stima ikiwa imelegea tu, haijakatika. Sasa alijua. Programu iliipa diski karatasi, ikauliza, "Umeweka rafuni?" Diski ikajibu, "Tayari," na kumbe bado imeishika. Programu, kwa kuamini, ilisonga mbele na kutupa ya zamani. Stima ikilegea, diski inaangusha ilichoshika: ya zamani imetupwa, mpya haijawekwa.

Kiraka alichoandika hakikuwa kirefu. Kilisema hivi, kwa maneno yake: diski ikisema tayari, usitupe ya zamani. Ngoja. Zitunze kurasa chache za nyuma za daftari kuu, lile linaloonyesha kila faili iko wapi, hata kama umeapiwa kwamba mpya imeandikwa. Walikirudisha mara nne tu. Suruali, kwa taarifa yenu, ilikamilika mwaka uliofuata, ikiwa fupi.

Toka siku hiyo neno tayari halikuruhusiwa nyumbani kwake. Ukisema, "Chai tayari," anakuuliza, "Umeiona au umeambiwa?"

Sasa barua.

Alitokea mtu na hati, akidai mtaa wetu wote, nyumba, kanisa, msikiti na choo cha sokoni, umejengwa kwenye shamba la babu yake. Wasuluhishi walioteuliwa walitaka kitu kimoja: barua ambayo kila nyumba ilipewa wakati wa kukabidhiwa. Mwenyekiti wetu, Mama Zainabu, mwenye duka la vitambaa Eastleigh na sauti inayofika huko bila simu, aliagiza barua zote zikusanywe ukumbini, zipigwe picha, kisha ziwekwe sandukuni pamoja kwa usalama. Kazi ya kukusanya nikapewa mimi, kwa sababu nahesabu kila kitu mara mbili. Nilipita mlango kwa mlango na orodha, nikiweka alama. Alama mia tatu na kumi na nane. Nikahesabu tena: mia tatu na kumi na nane. Nikalala usingizi wa mtoto.

Kisha mvua ndefu ikaja, bomba la maji taka likapasuka nyuma ya ukumbi, na sanduku la usalama likageuka sufuria ya uji. Hakuna barua iliyosomeka. Tukamshukuru Mungu kwa picha, zilizokuwa ndani ya kompyuta ya ukumbi. Siku nne kabla ya kikao, adhuhuri, taa zikageuka rangi ya chai, kompyuta ikazima, na ilipowaka ikasema haioni faili yoyote.

Fundi mmoja wa Eastleigh alinishauri tuipanguse tuanze upya. Kuanza upya na nini, hakusema. Niliing'oa diski, nikaifunga ndani ya sweta, na kesho yake asubuhi nikaenda nyumba sitini na nne.

Karani wakati huo macho yalikuwa yamepungua. Alisoma kioo kwa kukikaribia kama anayenusa. Mama Zainabu alikuwa ameshafika kabla yangu, ameketi juu ya rundo la karatasi, tasbihi mkononi.

"Umeandika chochote juu yake?" Karani akauliza.

"La."

"Umebonyeza 'rekebisha'?"

"Mara moja."

"Mara moja?"

"Mara mbili," nikakiri. "Unanijua."

Akafumba macho. "Ikafanya nini?"

"Ikakataa."

Akayafumbua. "Basi tuna bahati. Huko kukataa nilikuandika mimi. Wenzangu walitaka ikubali kila kitu, kama mhudumu wa hoteli. Na nakala nyingine iko wapi?"

Hapo nilitamani sakafu ipasuke. "Nilinakili mara mbili."

"Vizuri. Ya pili iko wapi?"

"Humo humo. Kwenye folda nyingine."

Mama Zainabu aliacha hata kuhesabu tasbihi.

"Mama," Karani akasema polepole, "umevaa soksi mbili mguu mmoja."

Hakunisema zaidi ya hapo, na ningependa angenisema. Mia tatu na kumi na nane si namba kwangu. Ni Mama Zainabu na wajukuu wake, ni mchonga vinyago wa nyumba kumi na mbili, ni dereva wa lori wa mia na kumi ambaye ukuta wetu ni mmoja na namsikia akikohoa.

"Leta diski nyingine," akasema. "Safari hii nzima."

"Ninayo hapa."

"Nzima kweli, au umeambiwa?"

"Nimeijaribu mwenyewe."

Alianza kwa kunakili diski yote, chembe kwa chembe, bila kuigusa kwa kuandika. Mgonjwa hapasuliwi, alisema. Anapasuliwa pacha wake. Ilichukua kutoka chai ya saa nne hadi baada ya chakula cha mchana, na Mama Zainabu aliuliza mara mbili kama iko lile neno, akajizuia katikati mara zote mbili. Kisha Karani akafungua pacha, akaanza kutafuta daftari kuu.

"Ukurasa wa mwisho haupo," akasema. "Diski iliapa umeandikwa. Haukuandikwa."

"Na ule wa kabla yake?" nikauliza.

Akanusa kioo. "Nusu."

"Na wa kabla ya huo?"

Alibonyeza. Alisogeza kiti nyuma ili mimi nisogee.

Majina yalikuwa yanashuka kwenye kioo. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilifungua moja, barua ikatokea, muhuri na sahihi na lile doa la mafuta ya taa ninalolikumbuka. Mama Zainabu alipiga kigelegele kilichowatoa vijana kona. Mimi nilikaa sakafuni. Sijui kulia mbele za watu, kwa hiyo nilianza kuhesabu.

Mia tatu na kumi na saba.

Nikahesabu tena. Mia tatu na kumi na saba.

"Moja haipo," nikasema, na furaha ikakauka chumbani. Nyumba isiyo na barua haina mdomo. Nani angeenda kuambiwa kwamba ni yeye? Karani alichomoa kalamu ya bluu mfukoni. Kama kiraka chake kiliokoa zote kikaiacha moja, basi kulikuwa na kosa asilolijua, na kosa hilo lilikuwa limehamisha familia. "Soma kwa namba," akasema. "Moja moja."

Nikasoma. Yeye akaweka alama kwa kalamu ya bluu. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Sitini na tano.

"Rudia."

"Sitini na tatu. Sitini na tano."

Kalamu ikasimama. Tukatazamana. Nilikumbuka asubuhi ile nikipita na orodha, nikigonga dirisha lake. Ndani vibonye vya tarakilishi vikilia kama mvua juu ya bati, na sauti ikinijibu bila kugeuka. Nikaweka alama, nikaamini ataileta mwenyewe, nikaenda zangu.

"Karani," nikasema, "nilipokuja kuchukua barua yako, uliniambia nini?"

Alivua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi.

"Nilisema iko tayari."

"Ulisema."

"Na wewe ukaamini?"

"Nilihesabu alama. Faili sikuhesabu."

Mama Zainabu ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kama sufuria inayoanza kuchemka, kisha sote, hadi vijana wakachungulia kuuliza kama mzee yuko sawa. Alipopata pumzi, Mama Zainabu aliinuka kutoka kwenye rundo alilokuwa amelikalia tangu asubuhi, akapekua na kuvuta bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na barua ya nyumba sitini na nne. Kavu. Haikuwahi kufika sandukuni, kwa hiyo haikuwahi kuonja maji. Katika mtaa wote, barua halisi iliyobaki ilikuwa ya mtu ambaye hakuileta.

Wasuluhishi waliiweka mezani kando ya picha zetu, wakalinganisha muhuri na muhuri, sahihi na sahihi, wakaridhika. Mwenye babu alirudi na hati yake alikotoka. Nyumba bado zetu. Naandika haya nikiwa mia na tisa, dereva anakohoa upande wa pili, na kikohozi hicho sikuwahi kukisikia kizuri namna hii.

Mara ya mwisho nilipomwona Karani alikuwa anahamia shambani kwao, macho yakiwa yamemchosha na watoto wamemjengea. Nyumba alimwachia binti yake. Lori lilikuwa limesimama nje, karatasi zake kwenye magunia kumi na moja, na dereva yule wa mia na kumi akiwa kwenye usukani.

"Mzee, twende! Jua linapanda!"

Karani alikuwa ameshakanyaga ngazi ya lori. Akaniita. Baada ya kikao tulikubaliana nakala ziwe diski tatu katika nyumba tatu. Moja kwangu, moja kwa binti yake, na ya tatu nyumba ya kwanza, kwa Mama Zainabu.

"Ile ya tatu," akaniuliza. "Imekaa sawa?"

Niliipeleka mwenyewe. Mama Zainabu aliniambia ameiweka kabatini, pakavu, juu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nilihisi umbo lake kabisa. Nikalimeza.

"Ningoje," nikamwambia.

Nyuma yangu nilimsikia dereva akipiga honi, na Karani akimjibu, bila haraka yoyote, "Tulia, kijana. Mama amekwenda kuangalia."

Nilikwenda hadi nyumba ya kwanza. Nikaitoa diski kabatini, nikaichomeka, nikahesabu. Nikahesabu tena. Kisha nikafungua ya sitini na nne, nikaisoma kutoka tarehe hadi muhuri, na nikarudi nikitembea, maana hakukuwa tena na sababu ya kukimbia.

"Nimeiona," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango wa lori.